Satelaiti Hazining'inii, Zinaanguka Kila Sekunde: Hii Ndiyo Maana Chuma cha Makueni Kinakuhusu

Desemba 30, 2024, wakati wasee wengi walikuwa bado ushago wakimalizia nyama ya sherehe na kuhesabu kama fare ya kurudi Nairobi imebaki, chuma kikubwa cha umbo la pete kilishuka kutoka angani kikatua kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni. Haikuwa kitu ya kuokota uweke mfukoni. Upana wake ulikuwa kama mita 2.5, na uzito karibu kilo 500. Huyo ni ng'ombe wa gredi mzima, tena ameshiba.

Mungu ni nani, hakuna mtu aliyeumia.

Shirika la Anga za Juu la Kenya, KSA, lilifika huko na maafisa wengine, likachukua hicho chuma na kusema kwamba kwa tathmini ya kwanza, hiyo ilikuwa pete ya kutenganisha sehemu za roketi. Kawaida vitu kama hivyo hutarajiwa kuungua vikirudi kwenye hewa ya dunia, ama kuangukia mahali hakuna watu, kama baharini. Hii ilikataa zote mbili.

Mtandaoni tulicheka kama kawaida yetu, kisha tukasonga na maisha. Lakini kuna swali ambalo halifai kuachwa hapo Mukuku. Kama kitu kilirushwa juu na kikakaa huko, mbona kilishuka? Na zile zingine, zinazokuletea mechi ya wikendi, intaneti ya Starlink na ramani ya mtu wa boda anayekutafuta getini, nini inazizuia zisishuke leo jioni?

Ukielewa jibu, utajua pia ni kwa nini hakuna mtu angeweza kuwapigia watu wa Mukuku simu kuwaonya, na ni nani anafaa kutoa doh siku chuma kama hicho kitaingia kwa mabati ya mtu.

Huko juu mvutano bado uko

Wengi wetu tunaamini kwamba ukienda juu vya kutosha, mvutano wa dunia unaisha na vitu vinaanza kuelea. Tumeona video za wanaanga wakiogelea hewani ndani ya Kituo cha Kimataifa cha Anga, kile kinaitwa ISS, na tukajiambia, "Si unaona? Huko hakuna uzito."

Sivyo. ISS iko kama kilomita 400 juu yako. Hapo, mvutano wa dunia bado una karibu asilimia 89 ya nguvu yake ya hapa chini. Kama ungejenga ghorofa ya kilomita 400, upande hadi juu kabisa na usimame kwa mizani, mtu wa kilo 70 angesoma kilo 62 hivi. Umepungua kidogo, lakini huelei. Ukiruka dirishani, unashuka kama jiwe.

Sasa mbona wale wanaanga wanaelea? Kwa sababu wanaanguka. Kituo kinaanguka, wao wanaanguka, kijiko chao kinaanguka, vyote kwa mwendo mmoja. Fikiria lifti ya jengo refu mjini imekatika kamba na wewe uko ndani. Kwa hizo sekunde chache sakafu haikusukumi tena, kwa hivyo hungehisi uzito wako. Tofauti ni kwamba lifti ina basement ya kuigonga. Satelaiti haina.

Na hapo ndipo siri yote iko. Satelaiti inaanguka kila sekunde ya maisha yake, ila kila mara inaikosa dunia.

Tupa jiwe kutoka Mlima Kenya

Mwingereza Isaac Newton alilifikiria hili zaidi ya miaka 300 iliyopita, kabla hata ya ndege kuwepo. Yeye alitumia mzinga juu ya mlima mrefu sana. Sisi tutumie mlima wetu.

Panda Mlima Kenya hadi Batian, mita 5,199. Tupa jiwe mbele, sambamba na ardhi. Litaenda kidogo, lipinde, lianguke. Tupa kwa nguvu zaidi, litafika mbali zaidi kabla halijagonga chini. Hakuna mtu anabisha hapo.

Sasa kumbuka dunia ni mviringo. Kadiri jiwe linaenda mbali, ndivyo ardhi nayo inapinda na kuteremka chini yake. Hesabu yenyewe ni rahisi: kila ukienda kilomita 8 mbele, uso wa dunia umeshuka kama mita 5. Na kitu chochote ukikiachilia, sekunde ya kwanza kinaanguka kama mita 5.

Umeiona? Ukiweza kurusha hilo jiwe kwa mwendo wa karibu kilomita 8 kwa sekunde, basi kila sekunde linaanguka mita 5, na kila sekunde ardhi nayo inateremka mita 5. Jiwe linaanguka, lakini umbali wake na ardhi haubadiliki. Litazunguka dunia nzima likupitie kisogoni, kama hewa haitalizuia. Shida ni kwamba juu ya Mlima Kenya hewa bado ni nyingi, jiwe lingeungua hata halijafika Meru. Ndiyo maana satelaiti hupelekwa juu kwanza, mahali ambapo hewa ni kidogo sana, kisha zinarushwa mbele.

Mwezi wenyewe unafanya hivyo hivyo. Uko mbali, kama kilomita 384,000, ambako mvutano wa dunia ni hafifu, kwa hivyo unaenda polepole na kumaliza mzunguko kwa siku 27 na kitu. Lakini sheria ni ile ile moja.

Kupanda juu ndiyo kazi ndogo

Watu wengi wanadhani kazi ya roketi ni kufika juu. Hapana. Kufika juu ni sehemu ndogo ya bili. Pesa na mafuta mengi yanaenda kwa kukimbia mbele.

Cheki roketi ya New Shepard ya kampuni ya Blue Origin, ile iliyobeba matajiri. Inapanda hadi kama kilomita 100, abiria wanaelea dakika chache, kisha inarudi chini. Safari nzima inaisha kwa dakika 11 hivi. Imefika anga za juu, ndiyo, lakini haikuwa na mwendo wa kuikosa dunia. Ni kama jiwe umelirusha wima, litakurudia kichwani.

Satelaiti iliyo kilomita 500 juu inahitaji mwendo wa kama kilomita 7.6 kwa sekunde. Hiyo ni zaidi ya kilomita 27,000 kwa saa. Matatu ya Kenya inaruhusiwa 80. Hata ile nganya ya madere wanaojiona wako Safari Rally haifiki popote. Kwa mwendo huo, Nairobi hadi Mombasa ni kama dakika moja. SGR bado haijatoka Syokimau na wewe umepita Fort Jesus. Dunia nzima inazungukwa kwa dakika 95 hivi, karibu mara 15 kwa siku.

Na ukishapata huo mwendo, unazima injini. Hii ndiyo inachanganya watu. Gari ukizima injini inasimama kwa sababu barabara na hewa vinaikwaza. Huko juu hakuna barabara, na hewa ni kidogo mno. Hakuna kitu cha kukusimamisha, kwa hivyo unaendelea. Mvutano unakupinda, mwendo unakupeleka mbele, na hivyo viwili pamoja vinakuweka kwa duara.

Hapa ndipo Kenya iliingia kwa hii story zamani kuliko wengi wanavyojua. Dunia yenyewe inazunguka kuelekea mashariki, na kwenye ikweta ardhi inakimbia kama kilomita 1,670 kwa saa. Ukirusha roketi kuelekea mashariki ukiwa karibu na ikweta, hiyo spidi unapewa bure. Waitaliano walijua hiyo rada. Kati ya 1967 na 1988 walirusha roketi kutoka San Marco, majukwaa yaliyosimama baharini karibu na Malindi. Desemba 12, 1970, siku ya Jamhuri, satelaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwa nyota ilirushwa kutoka hapo na ikabatizwa jina Uhuru, kwa heshima ya siku yetu. Ilikuwa ya kwanza ya aina yake duniani.

Na kuna sababu nyingine Malindi ilifaa: mashariki yake ni Bahari Hindi. Vipande vya roketi vikianguka, vinaangukia maji. Kumbuka hiyo, tutarudi kwake.

Hewa kidogo ndiyo inawamaliza

Kama hakuna kitu cha kuzisimamisha, basi mbona zinaanguka kweli kweli?

Kwa sababu hewa haina ukuta mahali inaishia. Inapungua tu, na kupungua, na kupungua. Hata kilomita 400 juu kuna chembe chache za hewa, na ukizigonga kwa kilomita 7.6 kwa sekunde, mchana na usiku, zinakula mwendo wako polepole. ISS hushuka kidogo kila mwezi, na lazima isukumwe tena juu kwa injini. Wakiacha kusukuma, ndani ya mwaka mmoja au miwili hivi mambo yataisha.

Tunao mfano wetu. Mei 11, 2018, satelaiti ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliachiliwa kutoka ISS. Ilikuwa mchemraba wa sentimita 10, haina injini. Baada ya takriban miaka miwili ilishuka na kuungua. Watu wengine walisema ni hasara. Haikuwa hasara, hiyo ndiyo ilikuwa ratiba yake tangu siku ya kwanza. Hata ile Uhuru ya 1970, iliyokuwa juu zaidi, zaidi ya kilomita 500, ilirudi hewani na kuungua Aprili 1979.

Ndio maana kimo kinabadilisha kila kitu. Kilomita 400, hesabu mwaka mmoja au miwili. Kilomita 500 na kitu, ambako kuna Starlink nyingi na ambako Taifa-1 yetu ilipelekwa Aprili 15, 2023 na roketi ya Falcon 9, hesabu miaka michache. Kilomita 800, hesabu karne moja au zaidi. Ukifika juu kabisa, hurudi chini hata wajukuu wa wajukuu wako waishe.

Halafu kuna jua. Jua likichafuka na kurusha dhoruba, hewa ya juu inapata joto na kuvimba. Chembe zinaongezeka pale satelaiti inapita. Februari 3, 2022, SpaceX ilirusha satelaiti 49 za Starlink na kuziacha kwa muda chini kabisa, kama kilomita 210, ili zipande zenyewe baadaye. Dhoruba ya jua ikaingia. Hewa ikawa nzito kuliko ilivyotarajiwa, na hadi 40 kati ya hizo zikapotea. Pesa imeungua hewani, na hakuna mtu aliyefanya kosa la kuonekana kwa macho.

Dishi lako linaangalia Mogotio

Sasa tupande juu zaidi. Kadiri unavyoenda mbali na dunia, mvutano unapungua na mzunguko unachukua muda mrefu. Satelaiti za GPS, kilomita 20,200 juu, zinachukua kama saa 12. Ukifika kilomita 35,786, mzunguko mmoja ni sawa na siku moja ya dunia.

Hapo ndipo kuna ujanja. Ukiiweka satelaiti kimo hicho, juu ya ikweta, ikizunguka kuelekea mashariki, inakwenda sambamba na ardhi iliyo chini yake. Wewe ukiiangalia kutoka hapa, inaonekana imesimama mahali pamoja. Haijasimama. Inakimbia kilomita 3 kwa sekunde na inaanguka kama zingine zote. Ni vile wewe pia unazunguka pamoja nayo.

Hii ndiyo sababu fundi wa dishi anakuja mara moja, anafunga nati, anachukua chapaa yake na kuenda. Dishi halihitaji kufuata kitu.

Sasa toka nje uangalie dishi la DStv hapo mtaani Nairobi. Limelala karibu kama sinia, linaangalia juu. Satelaiti za Eutelsat, kampuni ya Ufaransa, zinazobeba matangazo ya eneo letu ziko longitudo ya nyuzi 36 mashariki, juu ya ikweta. Chukua ramani utafute nyuzi 36 inapokutana na ikweta. Unaangukia karibu kabisa na Mogotio, kaunti ya Baringo. Yaani ile mechi unatazama kwa baa imepitia juu ya vichwa vya watu wa Mogotio, kilomita elfu 35 na ushee huko juu.

Je, Mogotio inapata ngapi? Sifuri. Na usidhani gava haikujaribu. Desemba 1976, nchi kadhaa za ikweta, Kenya, Uganda, Zaire, Colombia na Indonesia zikiwemo, zilitoa Azimio la Bogotá. Zilisema kwamba ile njia ya kilomita 35,786 ipo kwa sababu ya mvutano wa dunia, kwa hivyo ni mali ya asili ya nchi zilizo chini yake, kama vile madini. Mataifa makubwa yalikataa. Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 ulikuwa umeshasema kwamba hakuna nchi inaweza kujimilikisha anga hizo. Leo nafasi za huko hugawiwa kupitia Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, na aliye na roketi na pesa ndiye hupanga foleni mapema.

Unaweza kusema azimio lilikuwa ndoto. Kisheria lilishindwa, hilo ni wazi. Lakini waliolitia sahihi walikuwa wameona kitu: kwamba njia za huko juu ni chache na zina thamani, na anayekuja mwisho hukuta viti vimejaa.

Kwa nini hakuna aliyewaonya watu wa Mukuku

Turudi Makueni. Kama kuna rada duniani zinazofuatilia makumi ya maelfu ya vitu angani, mbona hakuna aliyesema, "Nyinyi wa Mukuku, leo mchana ondokeni shambani"?

Jibu liko kwa ile spidi. Kitu kinachorudi bila kuongozwa kinakwenda zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde. Hakuna anayejua kwa uhakika hewa ya juu itakuwa nzito kiasi gani siku hiyo, wala kile chuma kitakuwa kinabingirika vipi. Ukikosea muda kwa dakika moja, umekosea mahali kwa zaidi ya kilomita 450, kutoka Makueni hadi nje ya mipaka. Ukikosea kwa saa moja, umekosea kwa zaidi ya nusu ya dunia. Kwa hivyo onyo lolote lingekuwa la nchi nyingi kwa wakati mmoja, na halingemsaidia mtu.

Kuna jambo lingine la kijiografia. Kitu kilicho kwenye njia iliyoinama nyuzi 10 kutoka kwa ikweta kinaweza kuanguka tu kati ya nyuzi 10 kaskazini na nyuzi 10 kusini. London haiko kwa hiyo hesabu. Nairobi iko. Makueni iko. Na satelaiti yoyote isiyokaa juu ya ikweta yenyewe, hata inayopita juu ya ncha za dunia, lazima ivuke mstari wa ikweta mara mbili kila mzunguko. Hiyo haimaanishi Kenya ndiyo itapigwa zaidi ya wengine wote. Karibu asilimia 71 ya dunia ni maji, na uwezekano wa wewe binafsi kugongwa ni mdogo sana. Lakini inamaanisha hatuwezi kusema hii ni shida ya wengine.

Na msongamano unaongezeka. Zamani kurusha satelaiti moja ilikuwa habari ya gazeti. Siku hizi roketi moja inabeba makumi kwa mpigo, na Starlink pekee ina maelfu. Februari 10, 2009, satelaiti ya Iridium ya Marekani na Kosmos-2251 ya Urusi iliyokuwa imekufa ziligongana kama kilomita 790 juu ya Siberia. Zilitawanya maelfu ya vipande, na kwa kimo hicho vingine vitabaki huko miaka mingi. Matatu mbili zikigongana Mombasa Road, breakdown inakuja kuzitoa. Huko juu kila kipande kinaendelea kukimbia, na kila kimoja kinaweza kutoboa satelaiti nyingine.

Kikigonga mabati yako, nani analipa?

Hapa sasa ndio wengi wetu tunafaa kukaa macho.

Mkataba wa Dhima wa 1972 unasema wazi: kitu cha angani kikileta hasara juu ya ardhi, nchi iliyokirusha inalipa. Huhitaji kuthibitisha kwamba walizembea. Kilikuwa chao, kimeanguka, kimeharibu, walipe. Sheria nzuri. Lakini soma vile inafanya kazi.

Kwanza, hasara inayohesabiwa ni kifo, jeraha, madhara ya kiafya au mali kuharibika. Kushtuka hakulipwi. Pili, chini ya mkataba huo si wewe unayedai, ni nchi yako inayopeleka dai kwa njia ya kidiplomasia. Gava ikilala, na wewe umelala. Tatu, kuna muda: mwaka mmoja tangu hasara itokee, au tangu mwenye kitu ajulikane. Nne, na hii ndiyo mwiba, lazima ujue ni ya nani. Chuma hakina namba plate. Bila jina la mwenyewe, una sheria safi na hakuna wa kumpelekea barua.

Mifano ipo. Januari 1978, satelaiti ya Kisovieti Kosmos 954, iliyokuwa na mtambo wa nyuklia, ilisambaratika juu ya kaskazini mwa Kanada na kumwaga vipande vyenye mionzi. Kanada ilisafisha, ikahesabu kila senti, ikadai zaidi ya dola milioni 6 za Kanada. Mwaka wa 1981 Wasovieti walikubali kulipa milioni 3. Nusu mkate. Lakini Kanada ilipata hiyo nusu kwa sababu ilijua ni ya nani na iliweka rekodi.

Machi 2024, kipande cha gramu 700 hivi kilitoboa paa na sakafu ya nyumba moja huko Naples, Florida. NASA ilichunguza, ikakubali kilitoka kwa mzigo wa betri kuukuu uliotupwa kutoka ISS mwaka wa 2021. Familia ikaandika dai la zaidi ya dola 80,000. Gramu 700. Cha Mukuku kilikuwa kilo 500.

Kwa hivyo kazi ya kwanza ya Kenya si kulalamika kwamba anga imejaa. Ni kuwa na uwezo wetu wa kutambua: kusoma alama za chuma, kupima madini yake, na kulinganisha saa ya kuanguka na njia za vitu vinavyofuatiliwa. KSA ilianzishwa mwaka wa 2017 na iko chini ya Wizara ya Ulinzi. Tunapenda kupiga picha siku ya kurusha Taifa-1, na ni sawa kabisa. Lakini bajeti ya maabara na ya watu wa kufuatilia vipande haina picha nzuri ya kuposti, na ndiyo itakusaidia siku mabati yako yatatobolewa.

Na kuna upande wa pili wa shilingi. Kenya imekuwa ikisema inataka kurusha roketi tena kutoka kwa ardhi yake. Jiografia inatupendelea: ikweta iko, bahari iko mashariki. Lakini siku hiyo ikifika, sisi ndio tutakuwa nchi iliyorusha. Kipande chetu kikiangukia shamba la mtu mahali kwingine, bili itakuja Nairobi. Ukijifunza kudai vizuri, unajifunza pia kutodaiwa ovyo.

Ukikipata kwa shamba, fanya hivi

Usikiguse. Roketi na satelaiti zingine hutumia mafuta yenye sumu kali, na tangi linaweza kuonekana tupu na kumbe bado lina mabaki. Weka watoto na mifugo mbali. Piga picha ukiwa mbali, andika saa kamili ulisikia mshindo na kilikuja kutoka upande gani. Hiyo saa ina thamani kuliko video ya TikTok, kwa sababu ndiyo watakayotumia kutafuta mwenyewe. Kama kuna kitu kimeharibika, piga picha kabla ya kurekebisha, uweke na risiti. Kisha ripoti kwa chifu au kituo cha polisi kilicho karibu, wao wataita KSA.

Na usikiuze kwa watu wa skrapu. Najua kilo 500 za chuma ni pesa, na uchumi unajua kukaba. Lakini kwa ule mkataba wa 1967, kitu cha angani kikianguka bado ni mali ya mwenyewe, hata kama kimelala katikati ya mahindi yako. Ukikiuza, umeuza mali ya mtu. Kibaya zaidi, umeuza ushahidi pekee uliokuwa nao wa kumfanya alipe.